Msimbopau wa EAN-13: kutoka namba hadi lebo inayosomeka

EAN-13 ni msimbopau wa bidhaa wenye tarakimu 13. Anza na tarakimu 12. Lebo za matumizi ya ndani ya duka hutumia namba zinazoanza na 20 hadi 29. Bidhaa itakayouzwa kwingine lazima ipate namba kutoka GS1, shirika la kimataifa linalotoa namba za misimbopau. Hapa tuchukue 200123456789.

1. Tafuta tarakimu ya ukaguzi. Jumlisha za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 2+0+2+4+6+8 = 22. Zilizobaki, 0+1+3+5+7+9 = 25, zidisha kwa 3 upate 75. Jumla ni 97. Kufika 100 imepungua 3, basi tarakimu ya 13 ni 3. Hesabu hii hunasa kosa lolote la tarakimu moja, lakini 27 ikiandikwa 72 hupita bila kuonekana, kama ilivyo kwa jozi yoyote inayotofautiana kwa 5.

2. Chora mistari. Kuna moduli 95 (moduli ni upana wa mstari mwembamba kabisa): alama ya mwanzo 101, tarakimu sita, alama ya kati 01010, tarakimu sita, kisha 101. Moja ni nyeusi, sifuri ni nyeupe, na kila tarakimu huchukua moduli 7. Upande wa kushoto kila tarakimu ina michoro miwili, ya seti L na ya seti G: sifuri ni 0001101 kwa L au 0100111 kwa G. Kulia ni 1110010.

Tarakimu ya kwanza haichorwi kabisa. Imefichwa katika mpangilio wa L na G wa zile sita za kushoto: 2 ni LLGGLG. Programu nyingi za kujiandikia hukwama hapa. Ukitumia L tupu, skana huchukulia ya kwanza ni 0, ukaguzi unakataa, na mashine inakaa kimya.

3. Chapisha. Moduli ya kawaida ni milimita 0.33, inaruhusiwa kati ya 80% na 200%. Printa ya nukta 203 kwa inchi ina nukta ya milimita 0.125, kwa hiyo panga nukta 3 kamili kwa moduli. Mbili ni nyembamba kupita kiwango. Usivute picha kwa kipanya ili itoshe lebo: baadhi ya mistari hunenepa, mingine hukonda.

Acha weupe wa moduli 11 kushoto na 7 kulia, hata kama msanifu analalamika. Mistari myekundu pia usiikubali, maana skana nyingi humulika mwanga mwekundu na kwao mistari hiyo ni nyeupe tu.