SOMO: Kurasa ina watu lakini haina wateja? Panga hivi mawasiliano ya biashara yako mitandaoni

Wakuu, somo hili ni la wenye biashara wanaopata laiki kila siku na oda mara moja moja. Msimamo wangu nausema mapema: posti inavuta macho, lakini mauzo yanafanyika kwenye majibu. Ndiyo maana hatua ya nne ni ndefu kuliko ile ya matangazo ya kulipia. Anayetafuta mbinu ya kupata wafuasi wengi kwa wiki moja, hapa hataipata.

Hatua ya 1: Chagua lengo linalohesabika. "Kujitangaza" si lengo. Walioulizia bei, walioweka oda, waliorudi mara ya pili: hayo yanahesabika. Chukua moja tu kwa kuanzia.

Hatua ya 2: Mfuate mteja alipo. Anayeuzia makampuni atapata watu wake LinkedIn kuliko TikTok. Bidhaa inayovutia kwa macho ina nafasi Instagram na TikTok. Huduma ya mtaani inajiuza vizuri kwenye grupu za Facebook na stetasi za WhatsApp. Mitandao miwili inayohudumiwa inashinda mitano iliyotelekezwa.

Kisha safisha wasifu: unauza nini, uko wapi, saa za kazi, namba. Mteja asiteremke posti ishirini akitafuta simu yako. Na tumia WhatsApp Business. Ipo tangu 2018, ni bure, ina katalogi (orodha ya bidhaa zako), salamu ya kujiendesha na majibu ya haraka. Bado kuna watu wanaandika bei ile ile kwa mkono kutwa nzima!

Hatua ya 3: Anza na shida ya mteja, si sifa zako. Tuchukue fundi wa laptop. Posti ya kawaida huwa hivi:

"Tunatengeneza laptop za aina zote. Huduma bora, bei nafuu. Karibuni sana."

Hapo hakuna aliyeguswa. Sasa soma hii:

"Laptop yako inapata moto kisha inajizima katikati ya kazi? Huenda vumbi limeziba feni. Tutumie WhatsApp video fupi tusikie mlio wake, tukuambie kama inahitaji kusafishwa tu au kuna kingine."

Ya pili inamtaja mwenye shida, inampa kitu cha kujifunza, na inamwambia afanye nini sasa hivi. Hata asiyetuma video leo atakukumbuka siku feni yake ikianza kupiga kelele. Kwa upande wa video, rekodi kwa wima, weka maandishi kwa ajili ya wanaotazama bila sauti, na usianze na nembo inayozunguka. Mtu ameshapita.

Hatua ya 4: Jibu kama muuzaji aliye dukani. Hapa ndipo biashara nyingi zinapokufa, na muuaji mkuu ni "bei njoo inbox". Mtu kauliza hadharani, mjibu hadharani, maana nyuma yake wako wengi waliotaka kuuliza wakanyamaza. Kama bei inategemea vipimo au ukubwa wa kazi, taja inapoanzia na kinachoipandisha.

Ndani ya inbox napo, usijibu "ipo" ukaishia hapo. Mteja akiandika "Ile nyeusi bado ipo?", mwandikie: "Ipo, zimebaki saizi 40 na 42. Wewe unavaa ngapi, na tukuletee au utaifuata?" Umejibu, umetoa taarifa mpya, na umemwachia swali rahisi la kumsogeza mbele. Asipojibu, mkumbushe mara moja kesho yake. Ukimwandikia mara ya tatu ni usumbufu.

Kama mko zaidi ya mmoja, andikeni nani anajibu saa ngapi, na nani ana ruhusa ya kupunguza bei. Mteja akipewa bei mbili na watu wawili wa duka moja, haamini hata moja.

Hatua ya 5: Kusanya mawasiliano yako mwenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Mwenye namba za wateja kwenye daftari aliendelea kupiga simu. Wengine walikaa wakisubiri. Omba namba kwa ridhaa ya mteja, na mwombe naye ahifadhi yako, kwa sababu orodha ya matangazo ya kawaida ya WhatsApp (broadcast) inawafikia waliokuhifadhi tu.

Hatua ya 6: Lipia kilichokwisha kufanya kazi. Posti iliyoleta maswali bila hela ndiyo ya kuongezewa nguvu kwa tangazo la kulipia. Chagua lengo la kupata jumbe, si laiki, na anza na kiasi ambacho hata kikipotea hakitakuliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina wafuasi wengi sana ila hawanunui. Nakosea wapi?
Jibu: Waliingiaje? Kama uliwanunua, au walifuata zawadi za bure, hao hawakuwa wateja tangu mwanzo. Usiwabembeleze. Kuanzia leo muulize kila anayenunua alikujulia wapi, uandike. Baada ya mwezi utaona nguvu uielekeze wapi.

Swali: Kwa siku niposti mara ngapi?
Jibu: Idadi ambayo utaimudu hata wiki yenye kazi nyingi. Kwa biashara ya mtu mmoja, tatu kwa wiki zenye maana zinatosha kabisa.

Swali: Kuna mteja kanishambulia kwenye komenti, tena ana haki kidogo. Nifute?
Jibu: Usifute, labda kama ni matusi matupu. Mwaka 2018 KFC Uingereza iliishiwa kuku baada ya kubadilisha msambazaji, mamia ya migahawa ikafungwa. Walitoa tangazo gazetini lenye ndoo tupu, herufi za jina lao zikiwa zimepangwa upya zikasomeka kama tusi la Kiingereza, wakaomba radhi bila kuzunguka. Watu wengi waliwasifu. Kwako wewe: kiri kosa, sema utafanya nini na lini, malizia mengine faragha. Ukishamaliza, rudi kwenye komenti ileile uandike kwamba limekwisha.

Swali: Nataka kumwajiri kijana aniendeshee kurasa. Nimpe nywila?
Jibu: Hapana mkuu. Facebook inakuruhusu kumpa mtu nafasi ya kusimamia kurasa kwa akaunti yake, na siku akiondoka unamtoa. Umiliki ubaki kwako, uthibitishaji wa hatua mbili uwe umewashwa, na namba inayopokea msimbo iwe laini iliyo mfukoni mwako, si mwake.