Somo: Kumsaidia Mbajuni asiye na uraia anayeomba hifadhi Uingereza

Wanaojitolea wanauliza haya kila wiki, nami nimechoka kujibu mmoja mmoja. (Wabajuni ni jamii ya pwani na visiwa vya kusini mwa Somalia na kaskazini mwa Kenya.)

1. Fanya kazi chini ya mshauri aliyesajiliwa au wakili. Kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili ni kosa la jinai kwa sheria ya 1999, hata ukitoa bure. Kutafsiri, kusindikiza na kukusanya karatasi, ruksa.

2. Hifadhi kwanza. Ombi la kutambuliwa kuwa hana uraia lisubiri kesi hiyo iishe.

3. Mwache aseme Kibajuni chake. Akikufuata kwa Kiswahili sanifu, "chachu" inageuka "tatu", Chula inaandikwa Tula, na afisa wa uhamiaji anahesabu visiwa viwili. Andika majina yote mawili.

4. Barua za ubalozi, za kuonyesha kuwa hakuna nchi inayomtambua kuwa raia wake. Hapa niliwahi kukosea, kwa hiyo soma taratibu. Nilimwombea mtu pasipoti, akanyimwa, na haikusaidia kitu: kunyimwa pasipoti si kukanwa uraia. Uliza waziwazi: "Je, kwa sheria yenu huyu ni raia wenu?" Taja mahali na mwaka wa kuzaliwa na majina ya wazazi. Andikia Somalia, na Kenya pia kama afisa amedai ni Mkenya. Tuma kwa posta ya kusainiwa; wakinyamaza, kumbusha, kwa maana ukimya wenye risiti nao ni ushahidi. ONYO: kesi ya hifadhi ikiwa bado, usiuguse ubalozi wa nchi anayoikimbia. Unaweza kuwahatarisha jamaa zake waliobaki, na kesi yenyewe.

5. Jaza ombi la kutambuliwa kuwa hana uraia. Halina ada. Likikubaliwa, kibali ni cha miaka 5. Likikataliwa hakuna rufaa mahakamani, ni kuomba uamuzi upitiwe upya tu.

MASWALI

— Nimeshampeleka ubalozini, kesi bado. Kuna shida?
Ipo. Hatua ya 4. Mwambie wakili leo.

— Fomu ni bei gani?
Hatua ya 5.

— Ripoti ya lugha (mchambuzi husikiliza anavyozungumza na kukisia atokako) imesema ni Mkenya. Ndiyo basi?
Hapana, na umeuliza la maana. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilisema ripoti hizo zipimwe pamoja na ushahidi mwingine, na mchambuzi asivuke utaalamu wake. Tena Wabajuni wako Lamu na wako Kismayu; lugha humtambulisha na jamii yake, mpaka haiujui. Mpe karatasi achore kijiji: kisima, msikiti, mahali pa kupaki mashua. Aeleze kaskazi na kusi walivua nini, na ukoo wa mama yake.

— Risiti za posta zangu zimefutika maandishi.
Karatasi ile hufifia kwa joto. Piga picha siku ileile, uitume kwa wakili.