Kuingiza mitambo ya kujiendesha kiwandani: mfano wa kinu cha unga

Mwenye kiwanda anayetamani mitambo ya kujiendesha mara nyingi huanza kwa kutazama picha za mitambo hiyo, kisha huomba bei, na mwishoni kabisa hutafuta kazi ya kuipa. Utaratibu huo unapaswa kupinduliwa. Nitautumia mfano wa kinu cha mahindi kinachosaga tani 50 kwa siku, na nitakaa zaidi katika sehemu ya kufungasha, kwa kuwa hapo ndipo fedha hupotea taratibu bila mtu kushtuka.

Kwa muda wa wiki 4 kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote, weka daftari katika kila kituo cha kazi na uagize iandikwe saa ambayo kazi ilisimama, sababu ya kusimama, na saa iliporejea. Pamoja na hayo, chukua mifuko 20 katika kila zamu na uipime upya kwenye mizani nyingine iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, huku ukikumbuka kutoa uzito wa mfuko mtupu. Tuseme umegundua kwamba mifuko ya kilo 25 imezidi kwa wastani wa gramu 100. Gramu 100 ni kitu kidogo machoni, lakini kinu kinachofungasha mifuko 2,000 kwa siku kitakuwa kinatoa bure kilo 200, yaani mifuko 8 kila siku. Asilaumiwe mfungashaji: anayejaza kwa mkono huongeza kidogo kwa sababu anaogopa kupunja, na kupunja ni kosa la kisheria.

Daftari hilo litakuonyesha jambo jingine ambalo wauzaji wa mitambo hawalitaji sana. Kasi ya kiwanda kizima ni kasi ya kituo chake kinachochelewa kuliko vyote. Ikiwa kinu kinasaga tani 5 kwa saa na wafungashaji wanaweza kufunga tani 6, mtambo wa kufungasha hautaongeza hata mfuko mmoja katika mauzo yako, na sababu pekee ya kuununua itakuwa usahihi wa uzito. Vilevile utaona kwamba vikwazo vingi vinaondolewa kwa fedha ndogo: uzi wa cherehani ya kushonea mifuko unaokatika kila mara, mkanda uliolegea, au mahindi yaliyopokelewa yakiwa na unyevu uliozidi asilimia 13.5, ambayo ndiyo kiwango cha juu katika viwango vya Afrika Mashariki. Unga wenye unyevu hung'ang'ania kuta za tangi na kuteremka kwa vishindo, na hakuna mtambo wa kupima utakaousahihisha. Rekebisha hayo kwanza. Hata matajiri huteleza hapa. Mwaka 2018 Elon Musk alikiri hadharani kwamba Tesla ilizidisha mitambo katika utengenezaji wa magari na kwamba kosa hilo lilikuwa lake.

Hesabu ya marejesho ifanywe kwa ubahili. Mtambo mzuri haufuti ziada yote. Chukulia kwamba utaishusha kutoka gramu 100 hadi 20. Hapo utaokoa kilo 160 kwa siku, na kwa bei ya mfano ya shilingi 1,200 kwa kilo, hiyo ni shilingi 192,000, au takribani milioni 5 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Ukiondoa milioni 1 ya umeme, vipuri na matengenezo, zinabaki milioni 4. Mtambo uliogharimu milioni 80, pamoja na usafirishaji, ushuru na ufungaji, utarudisha fedha zake kwa miezi 20 hivi. Sikuingiza mishahara katika hesabu hii kwa makusudi, kwa sababu mradi unaosimama kwa kupunguza watu pekee huwa dhaifu kuliko unavyoonekana kwenye karatasi.

Ukiridhika, andika mahitaji yako katika kurasa mbili: mifuko mingapi kwa saa, ya ukubwa gani, kosa la uzito linalokubalika, na umeme ulionao. Mkataba nao uwe na masharti ambayo wengi huyakumbuka wakiwa wamechelewa. Mtambo ujaribiwe kwa muuzaji kabla haujasafirishwa, ukitumia mifuko ya aina yako, kisha ujaribiwe tena kwako kwa siku kadhaa mfululizo, na sehemu ya malipo, tuseme asilimia 10, ibaki mkononi mwako hadi majaribio hayo yafaulu. La muhimu kuliko yote, dai nakala ya programu iliyomo ndani ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoamrisha mitambo, pamoja na nywila zake. Asiye na nywila hulazimika kumwita muuzaji hata kwa kubadili uzito wa mfuko.

Jengo nalo liandaliwe mapema. Umeme unaopanda na kushuka huua vifaa vya kielektroniki, kwa hiyo weka stabilaiza, kinga ya radi, waya wa ardhini uliopimwa, na betri ya akiba kwa ajili ya PLC. Hewa ya kompresa ikaushwe, hasa Pwani, la sivyo maji yatakwamisha vali. Vumbi la unga likitanda hewani huweza kulipuka kwa cheche, hivyo chagua mota na swichi zilizozibwa dhidi ya vumbi, na uweke mfumo wa kulivuta.

Zungumza na wafanyakazi kabla kontena halijafika. Ikiwa nafasi zitapungua, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri wa Tanzania Bara kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nao, na wanaostahili hulipwa si chini ya mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, hadi miaka 10. Kwa maoni yangu, waendeshaji wa mtambo mpya watoke miongoni mwa wafungashaji wenyewe, kwani wao wanaujua unga unavyobadilika kati ya masika na kiangazi. Wafundishwe pia kufunga swichi kuu kwa kufuli kabla ya kuingiza mkono ndani ya mtambo, na ufunguo abaki nao yule anayefanya kazi.

Mwezi wa kwanza, usiiondoe mizani ya zamani wala meza ya kufungashia kwa mkono. Baada ya miezi 3 rudia vipimo vilevile, kwa daftari lilelile na mifuko 20 kwa zamu. Ikiwa ziada haijashuka hadi gramu ulizohesabia, mwite muuzaji kabla muda wa dhamana haujaisha.