Kama ndo unaanza Shattered Pixel Dungeon, tumia milango

Hii gemu ya kushuka shimoni ghorofa kwa ghorofa ukipigana na maadui ni ya bure kwenye Android, haina matangazo na hata ukizima data inacheza freshi tu, ukiona vile vipicha vyake vya zamani unaweza ukaidharau ila aisee ina akili sana. Inaenda kwa zamu, we usipocheza adui naye hasogei, kwahiyo usiwe na papara.

Sasa ujanja wa kujua mapema ni mlango. Adui akikufuata pita mlangoni, uache ujifunge, kaa hapo karibu usubiri, akitokeza tu mchape, pigo la kushtukiza huwa halikosi kabisa. Yule nyoka wa ghorofa za mwanzo anakwepa balaa, watu wanarusha upanga hewani wee, lakini mlangoni anakwisha fasta.

Alafu zile skrolo za kuapgredi (karatasi za kuongezea kifaa nguvu) usizigawe gawe, jaza kwenye kitu kimoja, vazi au silaha. Rangi za chupa za dawa usikariri maana kila ukianza upya zinabadilika.

Ghorofa ya 5 utakutana na bosi anaitwa Goo, akianza kuvimba, toka hapo, kaa mbali naye, usiendelee kumpiga.