Kuchagua Saa ya Kupima Mapigo ya Moyo kwa Mwanamke Mkimbiaji

Anza na mkono wako, si na orodha ya sifa za saa. Saa nyingi hupima mapigo kwa kumulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma jinsi damu inavyopita chini yake. Kwa hiyo saa pana inayochezacheza kwenye mkono mwembamba huingiza mwanga wa nje na kutoa namba zisizoaminika, hata iwe ghali kiasi gani. Ivae juu kidogo ya kifundo cha mkono, ikaze bila kukubana, kisha utikise mkono kama anayekimbia: ikiteleza, tafuta ndogo zaidi.

Ikiwa mazoezi yako ni ya kasi inayopanda na kushuka ghafla, hakikisha saa inaweza kuunganishwa na mkanda wa kifuani, ambao husoma umeme wa moyo wenyewe na kufuata mabadiliko hayo upesi. Mkanda huo ukae chini ya ukingo wa sidiria ya michezo pasipo kuchubua ngozi.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni uwezo wa kubadilisha mwenyewe, kwenye mipangilio ya saa, kiwango cha juu cha mapigo, yaani mapigo mengi zaidi ambayo moyo wako unaweza kufikia kwa dakika. Kanuni iliyozoeleka ni 220 kutoa umri, ilhali ile iliyotokana na utafiti wa wanawake wa mwaka 2010 ni 206 kutoa asilimia 88 ya umri. Mwenye miaka 40 hupata takriban 171 badala ya 180, na viwango vyake vyote vya mazoezi, ambavyo saa huvipanga kutokana na namba hiyo, hubadilika.

Chaji idumu kupita mbio zako ndefu zaidi.