Kuchora usiku wa Halloween na watoto wadogo: ujanja wa kuazima kwenye vitabu vya picha

Halloween huangukia tarehe 31 Oktoba, na nyumba nyingi za Mombasa hazina habari nayo. Watoto ndio wanaoileta kutoka kwenye katuni, shuleni na kwenye vitabu vya picha vyenye maboga yaliyotobolewa macho. Mzazi asiyetaka mambo ya mizimu nyumbani kwake hana haja ya kukataza kuchora. Giza, popo, bundi, paka na zimwi la hadithi za bibi vinatosha kabisa, na mbinu ni zilezile.

Kosa linaloharibu shughuli mapema ni kumfungulia mtoto kitabu na kumwambia, “Haya, chora kama hii.” Wa miaka minne atafuta mpaka karatasi itoboke, kisha atasema hajui kuchora. Kinachoazimwa kitabuni ni ujanja wa mchoraji. Picha yake mwachieni mwenyewe. Kitabu cha picha mara nyingi huwa na kurasa 32 tu, kwa hiyo mchoraji hana nafasi ya kuchezea. Huonyesha mkia ukingoni mwa ukurasa wa kulia, na mwenye mkia yuko upande wa pili. Someni kitabu mara mbili. Mara ya pili simameni kwenye ukurasa mmoja, umuulize: hapa nani kajificha, na wewe umejuaje?

Karatasi iwe manila. Kipande kimoja kikubwa cha dukani hutoa vipande vinane vya ukubwa wa A4 hivi. Karatasi ya kawaida ya kuchapia hujikunja ikilowa, na mnamo Oktoba, unyevu wa mvua za vuli ukianza, haikauki upesi. Mengine ni krayoni, mshumaa mweupe, rangi nyeusi ya maji (ile nzito ya chupa), brashi pana, chaki nyeupe na shati kuukuu la mtu mzima livaliwe kinyumenyume, vifungo mgongoni. Krayoni zilizoachwa dirishani juani hulainika na kukatika. Zitie kwenye friji dakika kumi kabla ya kuanza.

Aliyejibu kwamba mtu kajificha gizani mpe mshumaa, bila kuuwasha bila shaka. Achore kwenye manila nyeupe huku akikandamiza, mstari mmoja apite mara tatu au nne. Haoni anachochora, na hapo ndipo raha ilipo. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha rangi nyeusi na vijiko vinne vya maji, apake kwa brashi pana kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kurudi nyuma. Nta hukataa maji, hivyo bundi anajitokeza mweupe katikati ya usiku. Asipojitokeza, sababu huwa moja kati ya mbili: mkono ulikuwa mwepesi au rangi ni nzito. Mtoto wa miaka mitatu hana nguvu ya kukandamiza. Mpe kipande kifupi cha mshumaa akishike kwa ngumi. Ukitaka macho ya bundi yawe ya manjano, yapakeni krayoni ya manjano mwanzoni. Macho ya bundi yote mawili hutazama mbele, hayako ubavuni kama ya kuku, kwa hiyo yachorwe karibu karibu, makubwa kupita kiasi.

Zoezi la pili ni kinyume cha hilo, nalo linawafaa wa miaka mitano kwenda juu. Mtoto hupaka krayoni za rangi kali karatasi nzima, pasibaki hata sehemu nyeupe ya ukubwa wa punje ya mchele. Kazi hii inachosha mkono, kwa hiyo karatasi iwe nusu ya A4 au ndogo zaidi. Juu yake pakeni rangi nyeusi isiyotiwa maji, lakini yenye sabuni ya kuoshea vyombo: matone mawili au matatu kwa kijiko kikubwa kimoja cha rangi. Bila sabuni rangi hujikusanya vitone vitone juu ya nta na kuacha mapengo. Sabuni ndiyo huifanya itandae. Ikikauka, mtoto anakwaruza kwa kijiti cha meno, au kwa kijiti cha aiskrimu ikiwa bado mdogo, na rangi za chini zinang'aa kama taa za mjini.

Hapo ndipo watu wazima wanapovuruga. Rangi nyeusi ni moja, chupa ni moja, lakini ya mshumaa inataka maji na haitaki sabuni, na hii inataka sabuni na haitaki maji. Ukibadilisha vikopo, bundi anafunikwa na giza moja kwa moja, na picha ya kukwaruza inabaki na madoa. Andika kwenye vikopo. Rangi ikibanduka vipande vipande wakati wa kukwaruza, ilipakwa nene. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Ikiburutika kama matope, bado mbichi. Pakeni asubuhi, mkwaruze alasiri. Feni isaidie, lakini ielekezwe ukutani, la sivyo itakunja karatasi.

Kwenye weusi huo buibui ndiye mfalme. Utando uchorwe kama yeye mwenyewe anavyousuka: kwanza nyuzi zitokazo katikati kwenda pembeni, saba au nane zinatosha, kisha mzunguko. Mtoto akianza na mzunguko hupata duara lisilo na pa kushikia. Mwili una sehemu mbili na miguu ni minane, yote inatoka sehemu ya mbele. Wengi huipachika tumboni.

Popo hahitaji kitabu, anahitaji mkono. Bawa la popo ni mkono wenye vidole virefu mno, ngozi ikitandazwa kati yake, na dole gumba likibaki nje kama kulabu. Mtoto aweke kiganja kwenye karatasi nyeusi na kutanua vidole, wewe uzungushe chaki, kisha yeye aunganishe ncha za vidole vinne kwa mistari iliyobonyea ndani. Mkono wa pili upande wa pili, kichwa kidogo katikati, halafu geuzeni karatasi juu chini: popo ananing'inia. Chaki kavu hutoa vumbi na kufifia, ichovye majini. Wapo wanaoiloweka kwenye maji ya sukari ili ishike zaidi, nayo kweli hushika, ila kwa nyumba za Pwani huo ni mwaliko wa sisimizi. Maji matupu yanatosha.

Kwa mtoto mwoga, zoezi linalofaa kuliko yote ni mlango. Chukua A4, uilaze upande mrefu ukiwa chini, utie alama katikati, ukunje kingo za kushoto na kulia zikutane hapo. Umepata mlango wa mbao mbili, kama ile ya nakshi ya Mji wa Kale. Mkipita huko, mwonyeshe mfaa, ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao zinapokutana, na maua yaliyochongwa juu ya kizingiti. Karatasini mfaa ni ukanda wa manila wa upana wa sentimita mbili, uliogundishwa kwenye ubao mmoja tu. Ukigundishwa kwenye zote mbili mlango haufunguki, na hutokea mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kunjeni kwanza, mchore baadaye, maana krayoni hupasuka kwenye mkunjo. Ndani anakaa zimwi. Anayelifungua na kulifunga ni mtoto mwenyewe. Akiogopa alichokichora, usimwambie hakuna kitu, kwani kipo na amekichora yeye. Muulize zimwi lenyewe linaogopa nini, kisha achore hicho kando yake. Ukiambiwa linaogopa kuogeshwa, hapo ndoo na kopo vinaingia kwenye picha.

Watoto watatu wakiwa pamoja, kunjeni karatasi ipate sehemu tatu: wa kwanza kichwa, wa pili kiwiliwili, wa tatu miguu, bila kuchungulia. Kila mmoja avushe mistari sentimita moja kupita mkunjo ili mwenzake ajue pa kuanzia. Walio chini ya miaka mitano watachungulia. Waacheni.

Kuhusu maboga: ya vitabuni ni ya rangi ya chungwa, lakini mengi ya soko la Kongowea ni ya kijani yenye madoadoa. Mtoto akichora la kijani, usimsahihishe.

Kazi zikikauka zinaweza kuwa kitabu. Ziwe za ukubwa mmoja, toboa matundu matatu upande wa kushoto, sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, mpitishe uzi wa sentimita 50 na fundo likae nje. Popo wa chaki akae mwisho ili asisuguliwe. Picha za nta zitenganishwe kwa karatasi nyembamba, kwa sababu kwenye joto letu nta hulainika na kunata kwenye ukurasa wa jirani.