Kusimama kwenye mchanga wa mto mkavu: usiguse breki

Mkiwa msafara wa magari kadhaa kwenye mto mkavu wa jangwani, na la mbele likasimama ghafla, usikanyage breki. Toa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue mwendo na kusimama lenyewe. Kwenye mchanga laini halifiki mbali. Hili nimelijua juzi tu, baada ya kuchimba kwa sepetu hadi mikono ikaota malengelenge. Ukikanyaga breki, tairi linasukuma mchanga mbele yake, na hapo panajitokeza kilima kidogo, kama kiganja kwa urefu. Ukishuka na kuinama utakiona. Kuondoka sasa, tairi lazima likipande hicho kwanza, nalo likianza tu kuzunguka bila kwenda linajichimbia. Ikiwa umeshakanyaga, usilazimishe kwenda mbele: rudi nyuma mita 2 au 3 juu ya alama zako mwenyewe, ambako mchanga umeshashindiliwa, ndipo uondoke taratibu.

Haifanyi kazi mkifuatana karibu mno, maana nafasi ya gari kujisimamia haipo. Acheni angalau mita 50. Kwenye mteremko au mawe, breki ni breki, kanyaga. Na kama matairi bado yana upepo wa barabara ya lami, utazama tu hata ukisimama vizuri. Punguzeni kwanza, wengi hushuka hadi psi 18 hivi (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), na mjaze tena kabla ya kurudi lami.